Mashine ya Mkono Bado Ina Heshima Yake

Mavuno yakifika Singida, kati ya Mei na Julai, huna haja ya kuuliza mkoa huu unaishi kwa zao gani. Alizeti imeanikwa kwenye maturubai, inapigwa kwa fimbo uani, imejaa kwenye magunia barazani, toka Iramba na Mkalama hadi Ikungi na Manyoni. Kando ya barabara kuu iendayo Nzega na Mwanza, madumu ya mafuta yamepangwa juani (na hilo la jua linaniuma, maana huyaharibu harufu mapema), na abiria wa mabasi hununua ya kupeleka nyumbani.

Kila familia iliyovuna vizuri hufika kwenye swali moja: tupeleke mbegu kwa mwenye mashine ya kukamua mafuta, au tununue yetu? Na tukinunua, ya mkono au ya mota?

Mimi msimamo wangu nausema mapema. Mashine ya mkono ndiyo shule ya ukamuaji. Anayeidharau kwa sababu ya uchache wa lita zake hajaitazama ikifanya kazi.

Mashine yenyewe ina asili ya hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi wa Kimarekani, Carl Bielenberg, alikuwa Arusha akishughulika na tatizo la wanavijiji waliolima alizeti huku mafuta ya kupikia wakiyanunua dukani. Mashine za mkono za wakati huo zilikuwa na masharti mengi: mbegu ipunguzwe maganda, ipondwe, ipashwe moto, ndipo ipakiwe kwenye silinda na kukandamizwa kwa skrubu. Kazi ya kuandaa ilikuwa ndefu kuliko kazi ya kukamua. Bielenberg akabuni mashine yenye wenzo mrefu na pistoni nyembamba, inayokula mbegu nzima jinsi ilivyotoka kwenye gunia. Ubunifu huo ukasambaa hadi nchi nyingine za Afrika, na nchini Kenya shirika la ApproTEC, ambalo leo linaitwa KickStart, likatengeneza mashine yake na kuiita Mafuta Mali.

Siri yake iko kwenye wembamba wa ile pistoni. Nguvu ya mtu mmoja, ikipitia kwenye wenzo mrefu na kuishia kwenye chuma chembamba, huwa shinikizo kubwa ajabu. Unainua wenzo, pistoni inarudi nyuma, mbegu zinadondoka kutoka kwenye hopa. Unashusha, zinasukumwa ndani ya ngome ya chuma yenye nafasi nyembamba kama uzi. Mwanzoni hupati kitu ila mlio mkavu wa maganda. Kisha chuma kinaanza kupata joto la msuguano, wenzo unakuwa mzito, na tone la kwanza linajitokeza kwenye mwanya, linasita, linateremka. Baada ya hapo mafuta hayakatiki, na mashudu yanatoka upande wa mbele, magumu, yakikatika vipande vipande.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Mbele ya ngome kuna kizuizi kinachokazwa na kulegezwa. Ukikikaza kupita kiasi, wenzo haushuki hata ukining'inia. Ukikilegeza, mashudu yanatoka laini na kuondoka na mafuta yako. Mkamuaji mzuri hatazami kizuizi, anausikiliza mkono wake. Huchukua kipande cha mashudu kikiwa bado moto, akakibana kwenye karatasi, akaangalia doa. Doa likiwa pana, anakaza kidogo. Mbegu zikiwa baridi asubuhi, anazianika kwanza hadi ukizishika uone zina joto, kwa kuwa mafuta ya mbegu yenye joto hutiririka upesi. Zikiwa na unyevu, anazirudisha kwenye turubai bila ubishi. Haya yote mkono huyajifunza bila kufundishwa darasani, na ukishayajua hauyasahau.

Mashine ya mota ni habari nyingine. Skrubu yake huzunguka mfululizo ndani ya ngome, mbegu zinaingia huku mafuta na mashudu yakitoka, bila kituo. Kwa mwenye mtaji, umeme wa uhakika au injini ya dizeli, na wateja wa kuleta magunia mfululizo, hiyo ndiyo mashine. Miji kama Singida na Kiomboi isingeweza kuishi kwa wenzo. Ila mota haina subira. Msumari mmoja uliosahaulika kwenye mbegu hukwangua skrubu, na asiyejua mashudu mazuri yanafananaje atakamua mchana kutwa huku faida ikiondoka kwenye magunia ya chakula cha mifugo.

Swali hili la kuanza na mashine ya polepole au ya haraka wanalo hata mafundi wa mbali kabisa na alizeti. Marekani wapo wanaojaza upya risasi za bastola nyumbani kwao, jambo ambalo kwetu ni kosa kulifanya bila kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Wao pia wana mashine za wenzo za namna mbili. Moja hufanya hatua moja tu kwa kila mvuto: ganda la shaba linarudishwa kipimo chake, mengine yote yanasubiri. Nyingine, kama zile za kampuni ya Dillon ya Arizona, ina sahani inayozunguka, hatua zote zinafanyika pamoja, na kila mvuto unadondosha risasi iliyokamilika. Wazoefu wengi humshauri mgeni aanze na ile ya polepole, kwa sababu pale kosa huonekana likiwa bado moja. Nilipolijua hilo nilifurahi. Watu waliozoea kusikiliza wenzo hufikia uamuzi uleule, wawe na shaba mkononi au mbegu.

Kwenye kuchagua, anza na mbegu. Mashine ya mkono hupenda alizeti ya ganda laini yenye mafuta mengi, mfano ile Record ya zamani. Mbegu ya mistari yenye ganda nene itakuchosha mabega na kukupa kidogo. Halafu tazama uchomeleaji, hasa kwenye maungio ya wenzo, maana ndipo chuma hukatika. Hakikisha pistoni inaingia bila kucheza. Hakikisha pia ngome inafunguka yote, kwani mashudu yakilala humo usiku mmoja hugeuka jiwe, na kesho yake utashinda ukigonga kwa patasi. Atakayeitumia asimame aijaribu mwenyewe. Wenzo uliopimwa kwa kimo cha kijana mrefu wa karakana si lazima umfae mama wa nyumbani, naye ndiye mara nyingi atakayekamua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kwa fundi au ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), nenda na mbegu zako mwenyewe, japo debe moja. Omba ukamue kwa mkono wako, kisha bana mashudu kwenye karatasi mbele ya muuzaji. Atakayekukatalia, usimpe fedha yako.