Gewaltherrschaft: Mamlaka na Mabavu katika Neno Moja

Neno la Kijerumani Gewaltherrschaft ni rahisi kulifasiri kwa "udikteta", lakini fasiri hiyo hupoteza jambo la msingi. Kijerumani kina neno Diktatur kwa dhana hiyo, nalo huelekeza kwenye muundo wa dola. Gewaltherrschaft huelekeza kwenye namna watawaliwa wanavyotendewa. Herrschaft ni utawala. Utata umo katika Gewalt, ambayo ni mabavu, na pia ni mamlaka halali: Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949, katika kifungu cha 20, hutumia Staatsgewalt kwa mamlaka ya dola yanayotokana na wananchi. Katika neno ambatani, maana ya mabavu ndiyo inayoshinda, ila kivuli cha ile nyingine hakifutiki. "Utawala wa mabavu" ni fasiri iliyo karibu zaidi. Hata hivyo, Kiswahili kimekwisha kutenganisha kile ambacho Kijerumani kimekiacha pamoja.

Uzito wa neno hili hudhihirika katika jengo la Neue Wache, Berlin. Tangu mwaka 1960, Ujerumani Mashariki ililitenga jengo hilo kwa wahanga wa ufashisti na umilitari. Mwaka 1993, chini ya Kansela Helmut Kohl, maandishi yalibadilishwa yakawa ya wahanga wa vita na Gewaltherrschaft. Ufashisti una wenyewe. Gewaltherrschaft haina mwenyewe. Neno hilo laweza kubeba utawala wa Hitler na pia ule wa chama kimoja wa Ujerumani Mashariki, bila kutaja hata mmoja. Upana huo ndio uliolifaa taifa lililoungana upya, na ndio uliozua malalamiko kwamba aliyeuawa kambini na askari aliyemtumikia muuaji wamewekwa chini ya jiwe moja. Kibao kilichoongezwa mlangoni, kinachoorodhesha makundi ya waliouawa, ni ungamo kwamba neno lenyewe halikutosha.

Mwanahistoria Reinhart Koselleck alilikosoa pia neno Opfer, lenye maana ya aliyedhulumiwa na ya sadaka. Hapa Kiswahili hakina nafuu: "mhanga" ni yule aliyeangamizwa, na "kujitoa mhanga" ni kujitolea kufa. Mfasiri anayeandika "waathiriwa" huondoa utata huo, lakini huwa ameyasahihisha maandishi ya Berlin badala ya kuyafasiri.