Fedha Hazijatufikia: Adabu ya Barua ya Deni

Msimu wa pamba wa mwaka 2019, bei elekezi ilipokuwa shilingi 1,200 kwa kilo ilhali bei ya soko la dunia imeporomoka, wanunuzi wengi walikawia kulipa, na makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, mkoani Simiyu wakakabiliwa na kazi ngumu: kuandika barua ya kumdai mtu ambaye yamkini ndiye atakayenunua pamba ya msimu ujao. Barua moja ya namna hiyo, iliyoandikwa si mbali na mji wa Bariadi, nilipata kuisoma, na hata leo naistaajabia.

Anwani, kumbukumbu namba na YAH iliyopigiwa mstari vilikuwa kama vya barua zote za ofisi zetu, navipita. Ustadi ulianzia sentensi ya pili: “Hadi tarehe ya barua hii, fedha za wakulima wetu hazijatufikia.” Katibu angeweza kuandika “hamjatulipa”, wala asingesema uongo, lakini kauli hiyo humpandisha msomaji kizimbani kabla hajaketi, ilhali ile ya kwanza imezifanya fedha ndizo kiima, kana kwamba ziko njiani, ikamsitiri mdaiwa na kumbakizia hadhi yake. Na ile -ja- haikusamehe kitu: “hazikutufikia” ingekuwa habari iliyokwisha, bali “hazijatufikia” hubeba ndani yake tarajio kwamba zitafika, na kwamba anayezingoja hajaondoka.

Kisha ikaja “tunaomba tulipwe”, ambayo nayo haimtaji mlipaji, na papo hapo tarehe ya mwisho, uzito wa pamba, na namba ya kila stakabadhi ya mizani. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, maana tumezoea kudhani kuwa adabu ni wingi wa taadhima, tukarundika “kwa heshima na unyenyekevu mkubwa” hata deni lenyewe likafichika, na msomaji akaiweka barua kando bila kuona haya.

Chini kabisa, baada ya “Wako katika ujenzi wa Taifa”, pasipo neno lolote la kutisha, palikuwa na mstari mmoja: “Nakala: Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika.”

Ndugu katibu, ukiandika barua ya deni msimu huu, tafadhali usiitoe ofisini kabla hujahakikisha kuwa tarehe ya malipo imo. Wapo wakulima ambao ada ya mtoto haina fungu jingine ila hiyo pamba.