Sifa za Anayetembea Nyuma

Kundi likirudi salama kutoka matembezini, shukrani humwendea aliyekuwa mbele. Yeye ndiye aliyejua njia, ndiye aliyetaja majina ya miti, ndiye anayeonekana katika kila picha. Mimi sifa zangu nazipeleka mkiani, kwa yule anayetembea nyuma ya watu wote, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoharibikia.

Nawazungumzia vijana wa Lushoto, katika milima ya Usambara ya Magharibi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 wamekuwa wakiwatembeza wageni kwa miguu: wengine nusu siku tu hadi Irente, wengine siku kadhaa, wakilala vijijini na kukatiza mashamba na misitu mpaka Mtae. Njia zenyewe hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za kwenda shambani, sokoni na shuleni, na kila baada ya kitambo zinagawanyika. Aliye mbele anajua ipi ni ipi, lakini kundi likishachanika, aliyebaki katikati hana wa kumuuliza. Dawa yake ni tawi bichi. Wa mbele akifika njia panda hukata tawi na kulilaza kukingama njia isiyopitwa. Wa mwisho akipita huliokota na kulitupa kando, mwenye shamba asije akarudi jioni akakuta njia yake imezibwa na wageni. Nusu hii ya pili ya kazi haishuhudiwi na mtu, na ndiyo inayowafanya wenyeji waendelee kuwavumilia watembeaji.

Ukimwona mtu anacheza bila ngoma, jua amekanyaga siafu. Wengi husimama papo hapo na kuanza kujipukuta, kumbe wamesimama juu ya msafara wenyewe. Wa nyuma humshika mkono, akamwondoa kwanza pale, ndipo akamwonyesha namna ya kuwang'oa mmoja mmoja kwa kuwabana karibu na kichwa. Askari wa siafu ukimvuta kiwiliwili, kichwa hubaki na meno yake ndani ya ngozi. Ikilazimu suruali ivuliwe, yeye huyohuyo husimama njiani, mgongo kwa mgonjwa, akizuia wapita njia kwa maongezi marefu kuhusu bei ya viazi.

Mvua haina maelezo mengi. Udongo mwekundu ukilowa, kila mtu ataanguka kwa zamu yake.

Msiba wa kawaida kuliko yote ni viatu. Watu wa mjini huja na viatu vya mlimani vilivyokaa kabatini miaka. Kwa macho ni vipya, kumbe gundi imekwisha nguvu na soli imeoza kwa ndani. Mteremko wa kwanza tu, kiatu kinaanza kucheka. Hapo mfukoni mwa wa nyuma hutoka kamba ya katani. Huzungushwa vidoleni na tena mbele ya kisigino, fundo likakaa juu ya kiatu, maana likiwa chini litasagwa na mawe. Kamba hiyo ni ya nyumbani kabisa. Ukisimama kwenye jabali la Irente, tambarare ya Mazinde iko kama mita 1,000 chini yako, na mashamba ya mkonge yamenyooka mistari. Mmea huo uliletwa Tanga kutoka Florida mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Leo uzao wake unamfikisha karani wa Dar es Salaam jabalini akiwa na soli zake zote mbili.

Ila ufundi mkubwa zaidi hauhitaji kamba wala kisu. Ni kujua kuchelewa pamoja na mtu bila kumwaibisha. Makundi mengi yana ukatili ambao hayaujui: wa mbele hukaa kupumzika, na mara tu wa mwisho anapofika akitweta, wao huinuka na kuondoka, hivyo aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kamwe. Wa nyuma hulijua hilo, naye hutafuta visingizio. Mara ameona kinyonga mwenye pembe, mara kamba ya kiatu chake imelegea. Akitokea mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, hiyo ni neema: kila mtu husimama kando kumpisha mwenye mzigo, shikamoo hutolewa na kuitikiwa, habari za nyumbani huulizwa moja baada ya moja. Aliyekuwa akitweta ameshapata pumzi yake, na hakuiomba kwa mtu.

Ukienda Lushoto na wenzako, msikubali kupewa kiongozi mmoja kwa kundi kubwa. Ombeni wa pili, mjue jina lake kabla hamjaondoka, na bakshishi yake iwe sawa na ya aliye mbele.