Kunena Utafiti Mbele ya Wenye Lugha: Uhakiki wa Mihadhara ya Isimu Iringa na Mbeya

Kazi ya mtafiti wa lugha hupimwa mara mbili: kwanza inaponenwa mbele ya watu, kisha inapopigwa chapa. Upimaji wa pili tumeutilia nguvu sana. Tuna wahariri, tuna wasomaji wa siri wanaotoa hukumu pasipo kutaja majina yao, tuna kanuni za kutaja vitabu hata kufikia nukta na mkato. Upimaji wa kwanza tumeuacha ujiendee wenyewe, kana kwamba kunena ni jambo ambalo kila mwenye ulimi amekwisha kulijua. Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki jinsi mihadhara ya utafiti wa lugha inavyotolewa katika vyuo vya Nyanda za Juu Kusini, yaani Iringa na Mbeya, na kutoa rai juu ya lile ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kasoro yake kubwa.

Kasoro hiyo si woga wa msemaji wala sauti ndogo, mambo ambayo hutibika kwa mazoezi. Ni kwamba mhadhara hutungwa kwa namna ambayo msikilizaji hawezi kuukosoa. Atasikia, atapiga makofi, ataondoka, lakini hata kama lugha inayozungumzwa ni ile aliyonyonya kwa mama yake, hakupewa mahali pa kusema, “Hapa umekosea.”

Jambo hili lina uzito zaidi huku kuliko penginepo. Mtu akinena juu ya Kihehe mjini London au Leiden, huenda katika ukumbi mzima hamna aliyepata kumsikia Mhehe akizungumza. Wasikilizaji watapima hoja kwa hoja, na mifano wataipokea kwa imani. Mtu huyo huyo akinena Iringa, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichoanzishwa mwaka 2005, mambo hugeuka. Mwalimu wa historia aliyekuja kwa udadisi, mwanafunzi wa safu ya nyuma, hata aliyeandaa chai, aghalabu ni wenye Kihehe au Kibena. Ndivyo ilivyo Mbeya kwa Kinyakyusa na Kisafwa. Msemaji aliyetoka Dar es Salaam au ng’ambo asimama pale akiwa ndiye, katika suala la matamshi, mjinga kuliko wote. Hali hiyo si aibu hata kidogo. Ni bahati ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Walakini twaitumia vibaya.

Iringa ina historia yake katika suala hili, nayo hukumbukwa na wachache. Mwaka 1935 kilichapishwa kitabu cha G. Gordon Brown na A. McD. Bruce Hutt kiitwacho Anthropology in Action, chenye habari za jaribio lililofanywa katika wilaya ya Iringa. Mmoja alikuwa mwanaanthropolojia, na mwenziwe mtawala wa serikali ya kikoloni. Utaratibu wao ulikuwa kwamba mtawala aulize maswali yatokanayo na kazi yake, na mtafiti amtafutie majibu katika maisha ya Wahehe na kuyaleta kwa namna inayomfaa mtu asiye mtaalamu. Lengo la utawala ule twalijua, wala hatuna haja ya kulisifu. Lakini tukikitazama kitabu kama somo la kuwasilisha utafiti, twaona jambo moja la busara: mtafiti alijua anasema na nani, na msikilizaji wake aliweza kurudi na swali jingine pale jibu la kwanza lilipomshinda. Aliyekosekana ni msikilizaji wa tatu. Wahehe, ambao habari zilikuwa zao, hawakuwa miongoni mwa walioletewa majibu. Miaka 90 imepita. Watawala wale wameondoka, vyuo vimejengwa, na msikilizaji wa tatu sasa amo ukumbini. Lakini mara nyingi hasemeshwi.

Tuangalie suala la sauti, kwa kuwa hapo ndipo hasara huonekana waziwazi. Kihehe, ambacho Guthrie alikipa namba G62, ni lugha ya toni. Kinyakyusa, M31, hakina toni, bali kina irabu saba, tena chatofautisha irabu fupi na ndefu. Anayeandika lugha hizi kwa irabu tano za alfabeti ya Kiswahili, pasipo alama, hupoteza toni huku na irabu mbili kule. Basi mhadhara ni mahali ambapo kilichopotea katika maandishi chaweza kurudishwa, maana hapo pana kinywa na pana sikio. Nasi twafanyaje? Twawasha projekta, twaonyesha maneno ukutani yenye vijialama juu ya irabu, twasema, “Kama mnavyoona katika mfano wa nne,” nasi twapita. Kama mnavyoona! Toni haionwi.

Nilihudhuria kikao kimoja, ambacho chuo chake na msemaji wake sitawataja. Kijana aliyejitayarisha vema kwa upande wa nadharia alionyesha kitenzi cha lugha ya hapo pamoja na alama zake zote. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyealikwa kwa heshima, akainua mkono. “Mwanangu, hebu litamke hilo neno.” Kijana akalitamka. “Hapana. Hilo ulilosema ni neno, lakini maana yake siyo hiyo uliyoiandika.” Kijana akaitika kwa adabu, “Ahsante, baba, nitalitazama.” Mwenyekiti akasema kwamba muda umekwisha. Watu wakacheka kidogo, chai ikatangazwa. Hakuna aliyeandika maneno ya mzee, wala hakuna aliyemwomba alitamke yeye. Dakika ile moja ilikuwa na elimu kuliko dakika 20 zilizoitangulia, nayo ilitupwa.

Msomaji atauliza: je, kila asemalo mwenye lugha ni sheria? La, hasha. Mhehe wa Mufindi na Mhehe wa Kilolo huenda wasikubaliane, na mzee aweza kutetea matamshi ya ujanani mwake ambayo wajukuu wake wameyaacha. Lakini kutokubaliana huko ndiko data yenyewe. Mtafiti aliyewasikia wawili wakibishana juu ya neno lake amepata zaidi ya yule aliyepigiwa makofi.

Mhadhara unaokubali kukosolewa huanza kwa mifano, wala hauanzi kwa nadharia. Desturi yetu ni kinyume. Slaidi ya kwanza ni jina, ya pili yaliyomo, kisha usuli, kiunzi cha nadharia, mapitio ya maandiko na mbinu za kukusanya data. Msemaji akifika kwenye lugha yenyewe mwenyekiti amekwisha kumwandikia kikaratasi cha dakika tatu. Mpangilio huo ni wa tasnifu, na tasnifu husomwa na watu watatu wanaolipwa kuisoma. Mtu akitaka kunena Mbeya juu ya njeo na hali katika kitenzi, na aanze na salamu ya asubuhi, ugonile. Kila Mnyakyusa ukumbini anayo kinywani. Ndani yake mna mzizi -gon-, kulala, na kiambishi -ile, ambacho msomaji wa tenzi kongwe za Kiswahili cha kaskazini naye amekizoea. Hapo papo swali limezaliwa: yule anayeulizwa ugonile yu usingizini, au amekwisha kuamka? Na kiambishi hicho kikiwekwa kwenye kitenzi kingine, maana itabaki ile ile? Wasikilizaji wataanza kujaribu vitenzi vyao kabla msemaji hajafika kwenye hoja. Ndipo aseme Bastian Persohn alionaje katika kitabu chake cha 2017 juu ya kitenzi cha Kinyakyusa, na yeye mwenyewe aongeza nini.

Iringa nayo ina mfano wake. Mwaka 1985 David na Mary Odden walichapisha katika jarida la Linguistic Inquiry makala juu ya urudufishaji katika Kihehe, wakishikilia kwamba kitenzi hurudufishwa baada ya kanuni fulani za sauti kwisha kufanya kazi. Wananadharia walio mbali sana na mto Ruaha wameyajadili. Atakayeyawasilisha Iringa yampasa afanye jambo jepesi: awaombe wasikilizaji watatu, mmoja mmoja, warudufishe kitenzi atakachowapa, kabla hajaonyesha uchambuzi wowote. Wakikubaliana na makala, hoja imepata mashahidi. Wasipokubaliana, amepata utafiti mpya.

Juu ya muda sitasema mengi. Yule asemaye “itifaki imezingatiwa” kisha akazitaja itifaki zote hana mtu wa kumlaumu dakika zikimwishia. Lakini nitatetea karatasi ya mifano, ile ambayo sisi tuliosoma ng’ambo tuliikuta imeshika desturi, na ambayo projekta yaelekea kuiua. Slaidi ikipita imepita. Msikilizaji aliyetilia shaka mfano wa tatu hawezi kuurudia msemaji akiwa kwenye wa tisa. Mwenye karatasi mkononi huweka alama ya kalamu na kungoja zamu yake. Tena umeme ukikatika, kama ukatikavyo, mhadhara huendelea.

Wako wanaodhani kwamba tatizo lote ni Kiingereza. Ni kweli kwamba kuwanenea Wahehe juu ya Kihehe kwa Kiingereza ni kuwafungia mlango, na hatuna kisingizio: Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990, kwa hiyo istilahi tunazo. Lakini Kiswahili nacho chaweza kufunga mlango. Nimesikia sentensi za Kiswahili ambazo ndani yake neno la kawaida lilikuwa “ni” tu. Istilahi itajwe baada ya mfano, si kabla, ili msikilizaji aijue kama jina la kitu alichokwisha kukisikia.

Lililobaki ni la kazi ya mikono. Kikao kiwe na katibu wa masahihisho, asiye msemaji wala mwenyekiti, mwenye kinasa sauti, na maswali ya kwanza yawe ya wenye lugha hata kama mezani wameketi maprofesa. Makala yatakapoletwa kupigwa chapa, mhariri amtake mwandishi aseme ni masahihisho gani aliyoyapata aliponena, na ameyafanyia nini. Mwandishi akijibu kwamba hakuna aliyesema neno, mhariri amwulize tena: mhadhara ulitolewa wapi, na kwa lugha gani?