Itoka na Mche: Ardhi na Uraia katika Tawasifu ya Wangari Maathai

Tangu ilipochapishwa mwaka 2006, tawasifu ya Wangari Maathai iitwayo Unbowed imekuwa ikihesabiwa miongoni mwa vitabu vya mazingira. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini inaipunguza kazi yenyewe. Msomaji anayeifungua kutafuta habari za misitu na mvua atazipata. Huenda hata hivyo akapitwa na jambo ambalo msomaji aliyelelewa Nyeri analitambua mapema, yaani kwamba katika nchi ile kupanda mmea ardhini kulikuwa tendo la sheria kabla ya kuwa tendo la ukulima.

Ushahidi wa jambo hili umo katika Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta, kilichotolewa mwaka 1938. Humo inaelezwa kwamba mpaka wa ardhi uliwekwa mbele ya mashahidi, na alama yake ilikuwa miti pamoja na itoka, ua la jamii ya yungiyungi ambalo shina lake hukaa chini ya udongo mithili ya kitunguu na kuchipua tena mvua inaponyesha. Itoka ilikuwa hati kabla ya hati kuandikwa. Kenyatta anatofautisha pia daraja za watu juu ya ardhi: palikuwa na mbari yenye gĩthaka, na palikuwa na mũhoi aliyeruhusiwa kulima kwa ajili ya urafiki bila kutoa malipo, na mũthami aliyeruhusiwa kulima na kujenga pia. Jina mũhoi latokana na kitenzi cha kuomba. Kwa hiyo lugha yenyewe ilikwisha kumpanga kila mtu mahali pake: mmoja ni mwenye, mwingine ni mwombaji.

Maathai alizaliwa Ihithe, wilayani Nyeri, mwaka 1940. Sehemu ya utoto wake aliishi kwenye shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi. Tangu mwanzo basi alizijua hali mbili: kuwa mwana wa mbari upande wa mlimani, na kuwa mtoto wa kibarua kwenye ardhi ya mtu mwingine. Sura zinazosimulia Ihithe ndizo zilizo bora kuliko zote kitabuni. Mama anamwonya binti asiokote kuni za mgumo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo pana kijito, na ndani yake mtoto anajaribu kuyavua mayai ya vyura akidhani ni shanga. Baadaye, mwandishi akiwa amerudi kutoka masomoni Marekani, mgumo umekatwa na kijito kimekauka. Hapa mwandishi hahubiri. Anaviweka vitu viwili, mti na maji, mmoja baada ya mwingine, na msomaji anauona uhusiano wao kama alivyouona yeye. Sura za baadaye, zenye safari, mikutano na tuzo, hazina ustadi huo. Mara nyingi zinasomeka kama taarifa ya katibu wa chama.

Kati ya mgumo wa utotoni na miche ya baadaye umesimama wakati wa hali ya hatari, uliotangazwa Oktoba 1952 na kumalizika mwaka 1960. Watu wa Nyeri waliondolewa katika miji yao iliyotawanyika juu ya migongo ya vilima, wakasongamanishwa katika vijiji vilivyozungukwa na ulinzi. Kando ya msitu wa Mlima Kenya palichimbwa handaki refu kwa kazi ya kulazimishwa, ili wapiganaji wa msituni watengwe na waliowalisha. Yafaa wanaisimu wakumbuke kwamba Kigikuyu kililipokea neno la Kiswahili kijiji kwa umbo la gĩcagi, na kwamba neno lililo pole upande wa pwani lilibeba huko bara kumbukumbu ya seng'enge na amri ya kutotoka nje. Wakati huohuo mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulileta ukusanyaji wa vipande vya ardhi na uandikishaji wake. Wanaume wengi walikuwa vizuizini. Mmoja wao alikuwa Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi wa Kigikuyu aliyekuwa na shughuli zake za uchapishaji Karatina, ambaye shajara yake ya kizuizini, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, ilitoka mwaka 1983 na kupata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Daftari la ardhi lilipofungwa, waombaji wengi wa jana walijikuta hawana hata mahali pa kuombea, na majina yaliyoandikwa yalikuwa kwa kawaida ya wanaume.

Hapa ndipo kazi ya Maathai inapopata maana yake kamili. Shirika la Green Belt lilianzishwa mwaka 1977, na waliootesha miche walikuwa hasa wanawake wa vijijini, watu waliolima ardhi maisha yao yote bila jina lao kuwa katika daftari. Mwandishi anasimulia jinsi maofisa wa misitu walivyoshuku kwamba wanawake wasio na stashahada wangeweza kuotesha miti, na jinsi kila mche uliopona ulivyolipiwa fedha kidogo. Wahakiki wanaosifu idadi ya miti wanaliacha jambo kubwa zaidi. Kuweka mmea ardhini kama alama ya haki lilikuwa tendo la wazee wanaume, nalo sasa limetiwa mikononi mwa wale ambao mila iliwanyima ardhi na daftari likawasahau. Mche wa mwanamke wa Tetu ni itoka iliyohamishwa.

Tendo hilo halikubaki mashambani. Mwaka 1989 Maathai alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, Nairobi, na waliokuwa madarakani wakamtukana bungeni, jengo halikujengwa. Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa umegawiwa watu binafsi, wakapigwa. Bustani ya mji na msitu wa serikali havina mbari. Kwa kupanda pale, Maathai alidai kwamba umma wote ni mbari moja, na kwamba mpaka wake waweza kuwekwa na yeyote kati yao. Dai hili ni zito, na kitabu hakilichunguzi kwa ukali linaostahili. Mtu asiye na robo ekari atapanda wapi? Mwandishi anajibu kwa vitendo, kwa kwenda kwenye ardhi ya umma, lakini mũhoi aliyenyang'anywa hata haki ya kuomba anabaki pembezoni mwa masimulizi.

Swali hilo lina upande wake wa lugha, unaowahusu moja kwa moja wafasiri. Maathai, aliyeadhibiwa shuleni Mathari kwa kusema Kigikuyu na kuvishwa beji ya aibu, aliandika maisha yake kwa Kiingereza. Atakayeyaleta katika Kiswahili atakutana na maneno mawili kwa dhana moja. Raia limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni la kuchunga: raia ni kundi lenye mchungaji. Mwananchi ni mwana wa nchi, na nchi katika Kiswahili ni dola na ni udongo pia, kama tusemapo nchi kavu. Kwa nasaba ya maneno, mwananchi yuko karibu zaidi na Ihithe. Lakini matumizi ya Kenya yamelichosha neno hilo: mwananchi wa magazetini ni mtu wa kawaida anayeahidiwa maji na barabara, yaani mwombaji kwa jina jipya. Kigikuyu chenyewe, kwa kusema ithaka na wĩyathi, kiliunganisha ardhi na kujitawala bila kumhitaji mchungaji wala mtoa ahadi.

Ugumu utajitokeza hasa katika tukio la Karura. Akiwa ametoka damu kichwani, Maathai alikwenda kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, na alipotakiwa kutia sahihi alichovya kidole katika damu yake akachora alama ya msalaba mwekundu. Mfasiri akiandika kwamba raia alitia sahihi, atakuwa amempeleka mbele ya mchungaji. Akiandika mwananchi, itambidi kwanza alisafishe neno hilo katika kurasa zote zilizotangulia, kuanzia mgumo na kijito, ili msomaji anapofika kituoni aione ile alama jinsi mzee wa Tetu angeiona: itoka penye mpaka.