Sifa za Ubahili

Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska nchini Sweden, Arne Larsson aliwekewa ndani ya mwili kifaa cha kuchochea mapigo ya moyo, cha kwanza cha aina yake duniani. Kilizima baada ya saa chache. Larsson aliishi hadi 2001, lakini katika miaka hiyo alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20, na mara nyingi kubadilisha maana yake ni kisu.

Ndiyo maana nawasifu mabahili wa umeme: betri ikidumu, kisu husubiri. Betri ya ampea-saa 1 ikitakiwa idumu miaka 10, kifaa kizima kina takriban mikroampea 11 tu za kutumia kwa kazi zake zote. Kigeuzi, kile kinachoufanya umeme wa moyo uwe namba, hupata makombo tu.

Kigeuzi kinachopendwa zaidi kwa kazi hii hupima kama muuza duka mwenye mizani. Huweka jiwe lenye uzito wa nusu ya kipimo chote. Likizidi, huliondoa, lisipozidi, huliacha. Kisha huweka lenye nusu ya lile. Mawe 10, yaani biti 10, yatosha kutofautisha ngazi 1,024. Mwaka 1975 McCreary na Gray, huko Berkeley, walionyesha kwamba mawe hayo yanaweza kuwa kapasita ndogo ndani ya chipu. Chaji iliyotulia haili betri. Kuihamisha ndiko kunakokula. Basi ufundi wote ni kuihamisha kidogo, na kupunguza kapasita.

Kupunguza nako kuna mpaka, na hapo ndipo fundi hujulikana. Joto la mwili peke yake huipa kapasita ya pikofaradi 1 kelele ya mikrovolti kama 65. Kwa kipimo cha volti 1, ngazi moja ya biti 10 ni karibu milivolti 1, hivyo kelele hiyo haisumbui. Ngazi ya biti 16 ni mikrovolti 15: imezama ndani ya kelele. Joto likishakuwa ndilo kikwazo, kila biti ya ziada hudai kapasita kubwa mara 4, na umeme wake. (Biti 16 hupendeza sana kwenye matangazo.)

Moyo nao ni mpole: sampuli mia chache kwa sekunde zinautosha. Muda mwingi kigeuzi kimelala, na adui wakati huo ni umeme unaovuja kwenye transista zilizozimwa. Na kikiwa macho, kinaweza kula kidogo: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walitangaza kigeuzi cha biti 10 kinachochukua sampuli milioni 1 kwa sekunde kwa mikrowati 1.9.

Wewe mwanafunzi wa uhandisi, kabla hujaongeza biti, pima kwanza kelele.