Mizani ya Hoteli ni Maharage

Watu wengi wakitaka kuipima hoteli ya mtaani huenda Ijumaa wakaagiza biriani. Mimi huagiza wali maharage. Kipimo hicho nilikipata nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, ambako niliingia bwaloni mara kwa mara bila taarifa na kuonja sufuria ya maharage. Nyama ina utamu wake wa kuzaliwa, hata mpishi mzembe husaidiwa nao. Maharage hayamsaidii mtu. Yakiwa magumu, yakiungua au yakizidishiwa maji, mlaji hujua kwa tonge la kwanza.

Hoteli ninayoisimulia iko Magomeni, Dar es Salaam, katika kichochoro kisicho mbali na Barabara ya Morogoro. Jina lake silitaji, maana nina la kuisifu na la kuilaumu. Ina meza sita, mabenchi, feni moja, na jiko la mkaa uani. Ifikapo saa saba mchana hujaa hadi barazani: mafundi gereji, makarani, madereva, wabeba mizigo. Watu wasiojuana hukaa bega kwa bega wakipitishiana chumvi na ndimu.

Maharage ya hapo ni ya mpishi anayejua kazi. Huchemshwa yakaiva bila kuvurugika, yakaungwa kwanza kwa tui jepesi. Tui zito hutiwa mwisho, juu ya moto mdogo, huku likikorogwa lisikatike. Wali nao punje huachana na punje. Vitunguu vya kachumbari huoshwa kwa chumvi kuondoa ukali, jambo ambalo hoteli kubwa nyingi hazijishughulishi nalo. Biriani ya Ijumaa, ambayo ndiyo iliyoivuma hoteli hiyo, naiona iko chini ya sifa zake. Masala hupikwa mbali na wali, kama ilivyo desturi ya pwani, lakini mafuta huzidi na iliki humeza viungo vingine vyote.

Sasa lawama. Ijumaa moja nilifika nikakuta pamejaa. Mhudumu akaniamkia, kisha akamwendea kijana mmoja mbeba mizigo, ambaye sahani yake ya wali maharage haikuwa imefika nusu. Akamwambia, "Kaka, sogea nje kidogo, mzee akae." Kijana akainuka na sahani yake, akanipa shikamoo, akaenda kulia barazani amesimama. Nikaitikia marahaba, nikakaa. Nilijua ni heshima ya mvi, nami niliipokea kama haki yangu.

Nilipokuwa nanawa mikono baada ya kula, wakaingia vijana wawili waliovaa suti, umri wao sawa na wa yule aliyenipisha. Waliagiza biriani. Mhudumu akawainua walaji wengine wawili wa maharage, kwa maneno yaleyale ya upole. Ndipo nilipotambua kwamba kilichoninunulia nafasi ni koti langu, wala si mvi. Na kinyume chake ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimekula maharage, kwa bei ileile aliyolipa yule kijana.

Nilimweleza mama mwenye hoteli. Alinisikiliza kwa adabu, akajibu, "Baba, biriani ndiyo inayolipa kodi ya nyumba." Sikumbishia hesabu zake, mkaa, mchele na mafuta si vya bure. Lakini biriani hupikwa siku moja tu kwa juma. Siku nyingine zote jiko lile hulishwa na watu wa maharage, nao ndio walioijaza hoteli kabla wenye suti hawajasikia habari zake. Mpishi wake huyaheshimu maharage kuliko chakula kingine chochote. Aibu ni kwamba heshima hiyo huishia kwenye sufuria, haimfikii anayeyala.

Sijaacha kwenda, maana maharage kama yale sijayapata kwingine. Ila sasa nikikuta pamejaa nasubiri barazani, na mhudumu akitaka kumwinua mtu kwa ajili yangu, namwambia amwache amalize kula.